Walinililia Siku ya Interview

Sehemu ya saba

Mlioniacha wiki iliyopita mnakumbuka nilikuwa wapi: nimesimama mbele ya wakubwa wa shirika moja, soli ya kiatu changu cha kulia imebaki mlangoni, na mimi nawaambia kwa sauti kubwa kwamba ni mtu wa kumaliza kila ninachokianza. Kazi ile alipewa mwingine. Viatu nilivitupa.

Kwa wanaonisoma leo mara ya kwanza: mimi ni Havyarimana Libérat, mzaliwa wa Kiringye, mpangaji wa Kimanga, mtaa wa mjini Uvira, mwenye diplôme ya maendeleo ya vijijini na asiyeendelea popote. Baba yangu, mzee Habonimana, analima mpunga. Alikuwa amenipa muda mpaka mvua za kwanza. Mvua zikianguka kabla sijapata kazi, narudi Kiringye kushika jembe, na diplôme inatundikwa ukutani ili kuku waisome.

Na mawingu, jamani, yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya milima.

Ndipo nikaenda kwa Bibiche.

Bibiche ana kibanda cha kupiga chapa na fotokopi pale Kimanga. Hakuna barua ya kuomba kazi, ya kuomba mchumba wala ya kuomba msamaha isiyopita mikononi mwake. Aliisoma CV yangu huku anakula karanga. Karanga zikaisha, CV bado.

"Liber, hii ni CV ao ni hadisi ya maisha yako?"

"Ni CV, dada."

"Kurasa sita! Umeandika ata siku ya komunyo ya kwanza."

"Inaonyesha niko na tabia muzuri."

"Nani anatafuta muntu wa tabia muzuri? Banatafuta muntu wa kazi!"

Akachukua kalamu nyekundu. Alikata komunyo, alikata urefu wangu, alikata aya nzima niliyoeleza ninavyopenda samaki. Ukabaki ukurasa mmoja. Niliposoma ule ukurasa nilishangaa, maana ulionyesha wazi kwamba niliwahi kufanya kitu duniani: misimu miwili nikizunguka na kamati za maji kule bondeni, bila malipo, kwa miguu.

Bibiche aliutuma ule ukurasa kwa shirika linaloitwa Kisima Chetu, linalotafuta animateur, yaani mtu wa kuzungumza na wanavijiji juu ya maji safi. Siku chache baadaye wakajibu: njoo kwenye interview, Alhamisi asubuhi.

Nilirukaruka. Bibiche hakuruka.

"CV iko sawa. Lakini weye mwenyewe, nani anakujua?"

"Kiringye yote inanijua."

"Kwa internet, Liber! Siku hizi patron akipata jina yako, anaitafuta kwanza ku telephone. Minye nilitafuta yako. Unajua nilipata nini?"

"Nini?"

"Picha moya tu. Uko nakula mbuzi ku ndoa ya Firmin, mudomo wazi mpaka ku koo."

Firmin ni mtoto wa baba yangu mdogo, ana mke, mapacha na diplôme ya sekondari, na kazi hana kama mimi. Mtamwona baadaye. Firmin hakosi mahali penye chakula.

Basi tukaenda studio ya jirani kupiga picha ya kazi. Studio ile ina koti moja tu la Kimanga yote, jeusi, linalobanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo ili limkae kila mtu. Nilipotaka kuonyesha meno mpiga picha akanikemea.

"Usicheke! Muntu wa kazi hachekake."

Sikucheka. Bibiche akaichukua ile picha kwenye kompyuta yake, akaizungushia fremu nyeusi kwa sababu nyeusi ina heshima, akaandika chini kwa herufi kubwa jina langu lote, mahali nilipozaliwa, mwaka niliozaliwa, na maneno haya: Mtumishi wa Jamii.

"Weka na namba ya simu," nikamwambia. "Weka natafuta kazi."

"Acha kujishusha! Muntu wa maana hasemi anatafuta kazi. Anajionyesha tu, kazi inamutafuta."

Nilimwamini. Mwenye njaa hana miiko, na mimi wakati ule ningeambiwa nijipake mawese ndipo nipate kazi, ningeuliza tu ni chupa ngapi.

"Sasa sikiliza," Bibiche akasema. "Hii picha utume kwa bantu bote ba kwaya yako, na bote ulisoma nabo. Baweke ku statut yabo, pale ku internet bantu bote banaona picha, siku moya, Alhamisi asubuhi. Madame wa Kisima Chetu akitafuta jina yako, anakuta Uvira yote inakujua. Hiyo ndiyo inaitwa réseau, mutandao ya bantu."

"Na ndugu zangu ba Kiringye?"

"Bale utawapa habari ukipata kazi. Itakuwa surprise."

Nikaona ni akili nyingi. Jumatano jioni niliwatumia picha wanakwaya na wenzangu wa shule, na chini yake nikaandika kwa upole: "Ndugu zangu, kesho asubuhi muniweke wote ku statut bila kukosa. Aksanti kwa yote. Libérat."

Someni tena hayo maneno. Mimi niliyasoma tena, lakini nilikuwa nimechelewa.

Alhamisi nilivaa shati jeupe nililoazima, nikaliacha lile langu la bluu kwa ajili ya siku ya kwanza ya kazi. Kimanga ilikuwa haina umeme tangu Jumanne na simu yangu ilikuwa inakaribia kuzima. Haikunisumbua, maana Bibiche alikuwa amenionya: simu ikilia mbele ya mkubwa, kazi imekwenda. Nikaizima mwenyewe, nikashika njia ya Kavimvira kwenye ofisi za Kisima Chetu.

Tulikuwa watu tisa kwenye benchi. Mimi nikaitwa wa mwisho, jua likiwa limeshapita kichwani.

Ndani walikuwa wawili. Madame Aziza, mkubwa wa ofisi, mwanamke wa Uvira mjini, kitambaa cha kijani kichwani na macho yasiyodanganyika. Na Monsieur André wa magari na vifaa, ambaye kazi yake siku ile ilikuwa kuandika na kupiga miayo.

"Bwana Libérat," Madame Aziza akaanza, "udhaifu yako ni nini?"

Nilifurahi! Hilo swali Bibiche alikuwa amenifundisha.

"Udhaifu yangu, madame, ni kama nafanya kazi kupita kiasi."

Monsieur André akaweka kalamu chini. "Weye ni wa tisa," akasema.

"Bote tisa banafanya kazi kupita kiasi," akasema Madame Aziza, "na bote tisa habana kazi. Hiyo kazi munafanyia wapi?"

Jasho likanitoka mgongoni. Bibiche hakuwa amenifundisha swali la pili.

"Madame, nisamehe," nikasema. "Ukweli ni hii. Niko na hasira ya karibu, na naogopa jembe."

"Unaogopa jembe?"

"Sana. Minye ni mutoto wa mulimaji. Naijua, na yenyewe inanijua."

Monsieur André alicheka mpaka akakohoa. Madame Aziza hakucheka, ila aliegemea kiti.

"Basi nijibu hii. Ku kijiji moya tulijenga robinet katikati, maji safi, bure. Bamama bangali banaenda kuteka ku muto. Juu ya nini?"

"Robinet iko karibu na nyumba ya nani, madame?"

"Karibu na nyumba zote."

"Ndiyo shida. Pale kuko mama-mukwe. Ku muto, bibi anaongea mambo ya ku nyumba yake, anacheka, anamusema bwana yake, hakuna anayemusikia. Mukitaka baache muto, mujenge robinet fasi mama-mukwe hafike. Pa kilima kidogo, magoti yake yakatae."

Kisha Madame Aziza akamgeukia mwenzake.

"André, minye mwenyewe ningeenda ku muto."

Akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Aksanti. Saa tisa tutapiga simu. Telephone iwe wazi."

"Itakuwa wazi, madame!"

Nilitoka natembea juu ya hewa. Barabarani nikaiwasha simu. Ikaonyesha nembo, ikalia mara moja kama kuku anayechinjwa, ikazima kabisa.

Ng'ombe wa maskini hazai. Lakini Bibiche ana jenereta, na saa tisa ilikuwa bado. Nikamsimamisha mwendesha pikipiki mmoja wa Kimanga, Ishimwe, ambaye hunibeba kila Jumapili kwenda kanisani.

Ishimwe aliponiona aliachia usukani kwa mikono yote miwili. Pikipiki ikalala upande mmoja, yeye upande mwingine.

"Ishimwe, nipeleke kwa Bibiche mbio!"

"Kwa jina la Yesu!" akapiga kelele. "Minye sijakukosea kitu, Liber! Ile siku nilikuangusha ku matope, haikuwa kusudi!"

Akakimbia akaiacha pikipiki yake inanguruma. Nikasema moyoni, hawa vijana wanavuta vitu gani mchana. Nikatembea kwa miguu.

Njia nzima watu walinipisha. Mama mmoja muuza mihogo alifanya ishara ya msalaba. Mimi, kwa upumbavu wangu, nilidhani ni statut: sasa nimekuwa mtu mashuhuri, wananiheshimu. Nikawa nawapungia mkono. Hapo ndipo wengine wakaanza kukimbia.

Bibiche alikuwa mbele ya kibanda chake. Aliponiona aliingia ndani akaangusha bati la mlango.

"Bibiche! Ni minye, Libérat!"

"Najua ni weye! Ndiyo maana nafunga!"

"Fungua, nataka kucharger telephone!"

"Kule ulienda banatumiaka telephone?"

"Kule wapi?"

Kisha sauti yake ikatoka chini ya bati, ndogo sana. "Liber, haujui kama ulikufa?"

Nikakaa kwenye ngazi.

Alinieleza tukiwa na bati katikati yetu. Saa kumi na mbili asubuhi kwaya yote iliniweka statut, na wenzangu wa shule nao. Walioiona ile picha hawakuuliza kitu. Kwetu mtu haulizi: akiona koti jeusi, uso usiocheka, jina lote chini ya picha na mwaka wa kuzaliwa, na watu wengi wameiweka asubuhi moja, anatia mshumaa, anaandika "Nenda salama ndugu", na yeye anaiweka kwake. Saa mbili picha ilikuwa imefika Kiringye kwenye simu ya shangazi yangu Ninahazwe. Shangazi akapiga yowe. Baba akanipigia. Simu imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Uthibitisho gani mwingine unatakiwa?

"Lakini kwaya banajua!" nikasema. "Minye mwenyewe niliwatumia hiyo picha!"

"Ndiyo hiyo inawaliza zaidi. Banasema ulijua. Ulisema aksanti kwa yote. Banasema uliaga kama mutakatifu."

"Na weye? Si uliniona leo asubuhi, nikipita hapa na shati nyeupe?"

"Nilikuona. Lakini baba yako mwenyewe alipita hapa na camion ya mpunga imejaa bantu, analia. Minye ni nani nibishane na baba muzazi? Nikasema labda ni gari ilikugonga ku njia." Akapumua. "Nimeshatoa ata fotokopi za nyimbo za kilio. Nimewafanyia bei ya kirafiki."

Nilitamani kulivunja lile bati nimkabe koo na réseau yake. Sikuwa na muda. Nikakimbia nyumbani kwangu, pale ninapopanga.

Sikupita mbele. Nilitaka, lakini niliona turubai limefungwa, viti vya plastiki, sufuria ya maharage juu ya mafiga, watu wamejaa mpaka barabarani, nikasema nikiwatokea ghafla hapa nitaua mtu wa kweli. Nikazunguka nyuma, nikainama kwenye ua wa matete. Na kutoka pale nikamsikia baba.

Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kofia mkononi.

"Huyu mutoto nilimutishia jembe," alikuwa anasema. "Kila siku jembe, jembe. Munajua bote. Lakini minye, kila misa, nilikuwa naomba kitu moya tu: Mungu, umupe ile kazi anatafuta, asirudi kulima kama minye. Niliona haya kumwambia. Nilifikiri nikimwambia atalegea. Sasa nitamwambia nani?"

Akajifunika uso kwa ile kofia.

Ndugu zangu, miaka yote ya maisha yangu sikuwahi kusikia neno kama lile kutoka kwa mzee Habonimana. Nililia pale kwenye matete. Nilimlilia marehemu pamoja na wote, na nilimwona kweli alikuwa mtu mzuri.

Nilipomaliza kulia niliamua kutoka, lakini si na shati lile lililoloa jasho na machozi. Mtu hawezi kufufuka akiwa mchafu. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, chumbani kwangu, kutafuta shati langu la bluu.

Halikuwepo. Aliyekuwepo ni shangazi Ninahazwe, ameketi kitandani, anakunja suruali zangu ili zigawanywe.

"Yampayinka!" Suruali zikaruka.

"Shangazi, ni minye. Sikufa."

"Uko muzima ao uko roho?"

"Niko na njaa, shangazi."

Akafikiri. "Roho haina njaa," akasema, akanifinya mkono kwa nguvu zake zote, nami nikapiga kelele ya mtu mzima kabisa. Akacheka, akalia, akafunga mdomo kwa kitenge, kisha akatoka kumwita baba kimyakimya.

Baba aliingia, akanitazama, akanizaba kofi. Kisha akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Sijui ni kipi kiliuma zaidi.

"Ile ulisema pale inje, nilisikia," nikamwambia.

"Hukusikia kitu," akajibu, akajifuta pua.

"Baba, natoka niwaambie watu."

"Ngoja kwanza. Tutaanza namna gani? Bantu beko nakula maharagi ya kilio."

Hapo ndipo tukasikia gari. Shangazi akachungulia nje, akaenda kupokea wageni. Mimi nikachungulia kwenye upenyo wa pazia, na moyo ukanipasuka: kitambaa cha kijani. Nyuma yake Monsieur André, amebeba shada la maua.

Madame Aziza alipewa kiti, hakukaa.

"Jamaa, poleni sana," akasema. "Tulipiga simu saa tisa, kimya. Tukaangalia ku internet, tukaona picha. Hatukuamini. Leo leo kijana alikuwa mbele yetu, anatuchekesha." Nami kwa mara ya pili siku ile nikamhurumia Libérat. "Nilitaka mujue kitu. Walikuja bantu tisa. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Kazi ilikuwa yake."

Nilishika kitasa cha mlango. Baba akanishika mkono.

"Sisi," Madame Aziza akaendelea, "tukimuchagua muntu, ni muntu wetu, na nyumba yake ni nyumba yetu. Kazi inaanza siku ya kwanza ya juma, vijiji vinangoja. Hatuwezi kurudilia interview. Kama ku hii familia kuko ndugu yake mwenye diplôme ya secondaire, na baba muzazi anakubali, ashike hiyo fasi. Ni njia yetu ya kuwapa pole."

Watu wakapiga makofi huku wanalia. Na katikati ya makofi, mtu mmoja akasimama na sahani ya maharage mkononi. Alikuwa amevaa shati langu la bluu.

"Niko hapa, madame," akasema Firmin. "Marehemu alikuwa kaka yangu wa damu. Ata shati yake inanitosha."

Waliosema kufa kufaana walikuwa wanamjua Firmin.

"Baba, achia mukono," nikanong'ona. "Ile ni kazi yangu!"

"Ngoja. Ukitoka sasa, watasema nini? Watasema Habonimana alitengeneza kilio ya uongo juu ya kuvuta huruma. Madame atapanda gari, atakwenda. Weye haupate, Firmin hapate."

"Nitamuelezea."

"Utaelezea nini? Kama ni weye ulituma bantu bakutangaze?"

"Ilikuwa picha ya kazi!"

"Na jaketi nyeusi?"

Nikajaribu kuuvuta mkono wangu, hakuuachia.

"Firmin iko na bibi," baba akasema. "Iko na mapacha, na baba yake nilimuahidi nitamuangalia. Weye uko na diplôme kubwa. Utapata ingine."

"Nitapata ingine namna gani, na nimekufa?"

"Kufa kidogo tu. Utaenda Kiringye, mpaka bantu basahau."

"Kiringye kufanya nini?"

Akatazama chini. Hakulitamka lile neno, na mimi sikumwomba alitamke. Nilimpenda baba dakika ile kuliko siku zote, na nilitaka kumsukuma nimpite. Alikuwa ananishika kwa mikono miwili, mzee yule mgumu, na macho yake yalikuwa yananiomba. Kama angenitishia, ningetoka.

Nje, Madame Aziza alikuwa bado hajakaa.

"Kitu moya tu tena," akasema. "Mbele ya kuja hapa tulipita ku hospitali. Ku morgue walituambia hawana marehemu wa jina hilo. Ndiyo tukajua mwili iko hapa nyumbani. Tunaomba tumuage, halafu tuende na huyu ndugu yake asaini."

Minong'ono ikapita uwanjani. Mwili! Waliotoka Kiringye walidhani mwili uko hospitali. Wa Kimanga walidhani familia ndiyo inajua. Tangu asubuhi hakuna aliyeuliza. Wote wakamgeukia shangazi Ninahazwe, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango, mwanamke ambaye hajawahi kusema uongo hata wa kumtuliza mtoto.

"Iko ndani," shangazi akasema. "Iko... analala."

Uwanja mzima ukaangua kilio. Nikasikia kiti kikisogezwa, kisha viatu vya Madame Aziza vikipanda ngazi, kimoja kimoja, na vile vya Monsieur André nyuma yake.

Baba aliniachia mikono. Akavuta shuka kutoka kitandani, akaikung'uta, akaishika wazi mbele yangu.

"Lala," akasema.

"Baba."

"Libérat, mwana wangu, minye baba yako nakuomba. Lala."

Nikisimama, kazi ni yangu, na baba yangu ni mwongo mbele ya Uvira yote. Nikilala, kazi ni ya Firmin, na mimi ni maiti mbele ya mwanamke pekee aliyewahi kuniona ninafaa kitu. Nilikuwa bado nafikiri, kitako kitandani, shuka imenifika kidevuni, macho yamenitoka, mlango ulipofunguka na Madame Aziza akaingia, Monsieur André na maua nyuma yake.